Gitaa Nililolichagua kwa Mshumaa

Mpwa wangu, anayeanza kujifunza gitaa hahitaji gitaa bora. Anahitaji lolote lisilomchana vidole akakata tamaa. Mwenye taabu dukani ni yule aliyekwisha kupiga miaka mingi, aliyekesha kwenye maharusi na mabaa, ambaye vidole vyake vinajua vinachokitaka lakini mdomo hauwezi kukitaja. Muuzaji akimuuliza anataka gitaa la namna gani, atajibu, "Zuri," na hapo ndipo anapouziwa jina. Wewe sasa umefika kiwango hicho, na fedha umeweka. Basi kaa nikusimulie habari za mwanzoni mwa mwaka 1974 kule London, nilipotafuta gitaa la kuzeeka nalo nikalipata katika duka lisilokuwa na umeme.

Kwanza uelewe nilikotoka. Sisi vijana wa Eastlands, Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1950, gitaa letu lilikuwa galatoni. Jina hilo lilitokana na Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyozagaa kuanzia kwao hadi Katanga kule Kongo na kwetu huku. Hata John Lennon, kabla Beatles hawajaitwa Beatles, alianzia na Gallotone Champion, yenye karatasi ndani inayoahidi kwamba haitapasuka. La kwangu nililinunua kwa shilingi 85, nikilipa kidogo kidogo, kwa Mhindi mmoja wa Bazaar Street, mtaa ambao leo mnauita Biashara Street. Duka lile lilinuka bizari, ubani na mafuta ya taa, na mwenyewe alikuwa na kitabu kirefu cha madeni ambamo jina langu lilikaa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nyuzi zilikuwa za chuma na zilikaa juu sana ya shingo, hata ukibana karibu na tumbo la gitaa kidole kinabaki na mfereji mwekundu. Lakini ndilo tulilokuwa nalo, na kwa hilo tulijifunza kila kitu.

Walimu wetu walikuwa santuri. Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi katika mji wa huko wa Jadotville mwaka 1952, alitushangaza sote: tulidhani wapigaji ni wawili. Kumbe ni mtu mmoja mwenye kidole gumba kinachotembea kwenye nyuzi za besi na kidole cha shahada kinachoimba juu, kila kimoja na shughuli yake. Edouard Masengo alipokuja Nairobi tulimwona kwa macho yetu, na tukaamini. Kwetu Kenya alikuwepo John Mwale, na George Mukabi aliyekufa mwaka 1963 akiwa bado kijana, na pembeni yao daima kulikuwa na mtu anayekwaruza chupa ya Fanta kushika mwendo. Tuliita mtindo wote huo gitaa kavu, maana haukuwa na waya wa umeme. Mimi mkono wangu ulikomaa katika upigaji huo. Baadaye nilipiga ridhimu la umeme kwenye bendi, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na malipo, ila nikifika nyumbani usiku nilikuwa narudi kwa gumba na shahada. Shika jambo hili la vidole viwili, kwa sababu ndilo lililoamua yote yaliyofuata.

Kazi yangu ya mchana ilikuwa ufundi wa simu, na kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka Uingereza kwa mafunzo. Nilifika wakati mbaya. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta dunia nzima, wachimba makaa wa Uingereza wakawa wamegoma kufanya kazi za ziada, na serikali ya Edward Heath ikaamuru kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1974 viwanda na biashara vitumie umeme siku tatu tu kwa wiki. Televisheni ilizimwa saa nne na nusu usiku. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, na chumba kizima kilinuka hita ya mafuta ya taa na koti langu la sufu lisilokauka. Jioni nilikula chipsi za peni 8 zilizonyunyiziwa siki, zimefungwa kwenye gazeti lenye habari za wachimba makaa. Posho yangu ya mafunzo niliibana sana, kwa kuwa nilikuwa nimeazimia kwamba sirudi nyumbani mikono mitupu, na kitu nilichokitaka hakikuwa suti wala redio.

Mtu wa muziki London alikuwa akienda Charing Cross Road na kile kichochoro cha Denmark Street kilichojaa maduka ya ala. Siku zenye umeme nilikwenda huko nikasimama mbele ya vioo vya nje nikiangalia bei, na nikiingia sikusikia kitu. Vijana walikuwa wamechomeka magitaa ya umeme kwenye vipaza sauti, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake, na gitaa kavu katikati ya fujo ile halina lake. Kisha nikagundua duka moja la mtaa wa nyuma lililokuwa likifunguliwa hata siku za giza. Mlangoni waliandika kwa chaki kwamba leo ni magitaa yasiyo na umeme peke yake. Ndani palikuwa na ubaridi wa kuona pumzi yako. Mishumaa ilikuwa imewekwa ndani ya mitungi ya jemu karibu na sanduku la fedha, na haikuruhusiwa kusogea ukutani, maana vanishi ya selulosi inayopakwa magitaa hushika moto upesi. Kwa hiyo ukuta wenye magitaa ulibaki gizani, yakionekana mabega na viuno tu. Harufu ya pale ninayo hadi leo: nta, mafuta ya ndimu ya kusugulia mbao, na utamu fulani unaotoka ndani ya tundu la gitaa la zamani ukiliinamia.

Aliyenipokea alikuwa mzee wa Kihindi, mwembamba, miwani imefungwa uzi mguu mmoja, amevaa sweta mbili na skafu. Alinitazama usoni akaniuliza kwa Kiswahili, "Ndugu, umetoka Kenya au Tanganyika?" Nusura nimkumbatie. Alikuwa ametoka Kampala, mmoja wa wale maelfu ambao Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke Uganda mwaka 1972. Kule alikuwa na duka lake mwenyewe la redio na ala za muziki, na alikumbuka ameuza galatoni ngapi kwa wanajeshi na walimu. Hapa alikuwa fundi wa chumba cha chini, mwenye duka akiwa Mwingereza aliyeshinda ghorofani. Sikumsikia akilalamika hata siku moja. Alinimiminia chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki kutoka kwenye chupa yake, akaniamuru nishike kikombe kwa mikono yote miwili mpaka vidole vipate moto. "Mkono baridi utalaumu kila gitaa, bwana," aliniambia. Ni kweli, na ndiyo sababu nakutaka ukienda dukani upige kwanza chochote kwa robo saa kabla hujaanza kuhukumu.

Akaniletea la kwanza, Martin D-28. Hao Martin wako Nazareth, mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani, na kampuni yao ilianza mwaka 1833, mwanzilishi akiwa Mjerumani mhamiaji. Herufi D ni ya umbo kubwa lenye kiuno kipana, lililopewa jina la manowari ya Kiingereza Dreadnought. Uso wake ni mbao ya sprusi na mbavu na mgongo ni rozwudi. Kila mtu aliyejua gitaa wakati ule alilitamani, na bei yake, likiwa limeshatumika, ilikuwa pauni 260. Nilipogusa waya wa sita duka lote lilijaa, nikaona mteja mwingine akigeuka. Ukilicharaza kwa nyuzi zote sita huku unaimba, hakuna la kulishinda, na wale wapigaji wa nyimbo za milimani Marekani walilipenda kwa haki. Nikaanza sasa kupiga kwa vidole vyangu viwili, kipande cha Kikatanga ninachokijua kuliko jina langu, na hapo mambo yakabadilika. Besi ya gumba ilitoka nene, ikaendelea kuvuma wakati noti inayofuata imekwishaingia, na kidole cha shahada kikawa kinaimba ndani ya ukungu. Rozwudi ina tabia hiyo. Noti moja huandamana na milio mingi midogo inayochelewa kuondoka. Kwa mpigaji wa namna nyingine huo ni utajiri, lakini kwangu ulikuwa msongamano. Nililirudisha taratibu. Mzee hakuuliza kwa nini. Alitikisa kichwa, akaenda gizani kuchukua lingine.

Likaja Gibson J-45, lenye mabega yaliyoinama, la kiwanda cha Kalamazoo. Hilo lilikuwa kavu zaidi, lenye kishindo kizuri cha ridhimu, na nilijua papo hapo kwamba ni gitaa la mwimbaji anayejisindikiza mwenyewe. Likaja Yamaha FG-180 la Kijapani, bei ndogo mno ukilinganisha na yale mengine. Sitaki ulidharau gitaa la namna hiyo. Mbao zake zilikuwa za tabaka zilizogandishwa, uso hadi mgongo, kwa hiyo sauti yake haikuwa na kina, lakini shingo ilinyooka, noti zilikaa mahali pake, na mbao za tabaka huvumilia mvua na jua kuliko mbao nzima. Kama kazi yako ni kuzunguka vijijini juu ya matatu, nunua la namna hiyo ulale usingizi. Nilikuwa natafuta kitu kingine. Gitaa lenye uso wa mbao nzima ya sprusi huendelea kukomaa kadiri linavyopigwa. Miaka ikipita sauti hulegea na kufunguka, na mtu aliyekwisha kukomaa mwenyewe anastahili kuwa na mwenzake wa kukomaa naye. Namna ya kulijua ni rahisi. Chungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ya juu ikishuka na kupita ukingoni bila kukatika, mbao ni nzima; ukiona tabaka tabaka, weka fedha zako mfukoni au uombe bei ya tabaka.

Lililofuata sikuliona vizuri, nililipokea tu. Nilichokihisi kwanza ni wepesi. Gitaa zuri la nyuzi za chuma likiwa jepesi mikononi, ujue aliyelichonga hakuogopa kupunguza mbao. Lilikuwa dogo kuliko D-28, kifua chembamba, likikaa pajani bila kunisukuma bega. Shingo yake ilikuwa fupi kidogo, urefu wa waya unaolia ukiwa kama sentimita 63, wakati kwenye lile kubwa unakaribia 64 na nusu. Ni tofauti ambayo kwa rula ni upuuzi na kwa vidole ni pumziko. Nikapiga. Gumba likasema lake likamaliza, shahada ikasema lake juu yake, na sauti zile mbili zikawa wazee wawili wanaozungumza barazani bila kukatana maneno. Nilipiga kipande kile kile tena, polepole, kisha kwa nguvu, kisha kwa ncha ya kidole tu, kwa sababu gitaa la kawaida husikika vizuri kwa nguvu moja, ila lililo bora hubadilika sura kadiri unavyoligusa. Nikapiga noti moja nikaiacha ife yenyewe, nikisikiliza inavyokwenda. Mwanafunzi husikiliza noti inavyozaliwa, lakini mpigaji wa siku nyingi hana budi kusikiliza inavyokufa, kama inazimika sawasawa au inakatika au inageuka mtetemo wa kitu kilicholegea. Zile zilizimika sawasawa, kuanzia besi hadi waya wa kwanza.

Ndipo mzee akafanya jambo ambalo sijaona muuzaji mwingine akilifanya. Alilichukua gitaa mikononi mwangu, akanituma nisimame upande wa pili wa duka, karibu na mlango, akakaa kwenye stuli niliyokuwa nimekalia akapiga yeye. Hakuwa mpigaji mkubwa. Alipiga vijipande vya filamu za Bombay. Lakini gitaa lina sauti mbili, ya mwenye kulikumbatia na ya aliye mbele yake, na msikilizaji wako hatakaa pajani pako. Akabadilisha na D-28, kisha J-45, kisha hili dogo tena, na gizani pale mimi sikuwa najua anashika lipi. Nilinyoosha mkono kwa lile lile. Mwanga ungekuwepo, ningeiona nembo, ningeiona rangi, na pengine ningeyaona magamba ya chaza yaliyopambwa kwenye gitaa jingine lolote nikatekwa nayo. Siku ile macho hayakupewa nafasi ya kusema.

Sasa ndipo mshumaa uliletwa, ndani ya mtungi wake, na tukalikagua. Lilikuwa Martin 00-18, sprusi juu, mahogani mbavuni na mgongoni. Mahogani ile hutoka Amerika ya Kati, na ni ukoo mmoja na mkangazi wetu. Haina milio mingi ya kuandamana, hutoa noti yenyewe kavu na ya moja kwa moja, na hicho ndicho vidole vyangu vilikuwa vikitafuta bila kuwa na jina lake. Mzee alimulika tochi ndani ya tundu akasoma namba iliyogongwa kwenye gogo la shingo. Kwa Martin namba hiyo hukuambia mwaka, na hili lilikuwa la mwanzoni mwa miaka ya 1960. Akatoa kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza ndani kuangalia mataruma, zile fito zilizopangwa kama herufi X kuubeba uso, mpango ambao Martin waliuanza karne ya 19. Aligonga uso kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, akisikiliza kama kuna taruma lililoachia gundi, lililoachia hukoroma. Akapitisha karatasi ya sigara kando ya daraja, nyuma yake hasa, na karatasi haikuingia. Ikiingia, daraja limeanza kung'oka.

Shingo tulitumia muda mrefu zaidi, kwa sababu shingo ndiyo gharama. Martin hawakuweka nondo ya kurekebisha shingo mpaka mwaka 1985, kwa hiyo magitaa yao ya zamani yakipinda hakuna skrubu ya kukuokoa. Niliinua gitaa nikaangalia kutoka kichwani kuelekea darajani, nikabana waya wa sita kwenye freti ya kwanza na ile inayokutana na mwili, nikatazama katikati. Palikuwa na nafasi ya kupitisha kipande cha karatasi nene, ndivyo inavyotakiwa. Mzee akalaza rula ndefu ya chuma juu ya freti mpaka ifike darajani. Ncha ya rula iligusa juu kabisa ya mbao ya daraja. Ingegota chini yake, ingekuwa shingo imeanza kuinama mbele, na kuing'oa na kuipanga upya ni kazi ya fundi hasa na fedha nyingi. Kisha nikapiga kila waya kwenye kila freti, moja moja, nikisikiliza mkwaruzo, na kwenye freti ya 12 nikalinganisha noti iliyobanwa na ile ya kuguswa juu juu tu. Zikikosana, gitaa halitakubali kupangwa sauti hata ufanyeje. Shughuli yote ilikula mchana mzima, na mwenye duka aliposhuka ghorofani na kutukuta tumeinama sakafuni na mshumaa, alituangalia tu akapanda tena.

Kilikuwepo kidonda. Ubavu wa chini ulikuwa umepasuka, urefu wa kidole, ukatiwa gundi na kuwekewa viraka vidogo kwa ndani. Mzee mwenyewe ndiye aliyenionyesha, kabla sijauona, ingawa alikuwa mwajiriwa pale na duka lilitaka kuuza. Ufa wa ubavuni uliozibwa vizuri hauharibu sauti, ila hupunguza bei, na mpigaji anayenunua ili apige, si ili auze, afurahi akiukuta. Waliomba pauni 150. Tukavutana, mzee akiwa mkalimani wa pande zote mbili ingawa sote tulijua Kiingereza, tukamalizia pauni 130 pamoja na sanduku. Kwa fedha za Kenya wakati ule hizo zilikuwa zaidi ya shilingi 2,000. Nilihesabu noti kwenye mwanga wa mshumaa, na nilipotoka nje kichochoro kilikuwa cheusi, watu wakipita na tochi, mabango ya uchaguzi yamebandikwa ukutani. Uchaguzi ukafanyika tarehe 28 Februari, Heath akashindwa, na mwezi Machi taa zikarudi. Nilirudi dukani kumsalimu mzee mara kwa mara mpaka mafunzo yalipokwisha, na kila mara chai ilikuwepo.

Nilipoondoka alinipa somo la mwisho, ambalo thamani yake niliijua nilipofika nyumbani. Mbao huvuta na kutoa unyevu maisha yake yote, hata ikiwa gitaa. Hewa ikikauka sana uso huzama na kupasuka, ikiwa na unyevu mwingi uso huvimba, nyuzi zikapanda, na gitaa likawa zito kubana. Nililegeza nyuzi kidogo kwa ajili ya safari, nikatua uwanja wa ndege wa Embakasi, na Nairobi halikusumbua. Nilipohamishiwa Mombasa, masika ya kwanza tu, lilivimba. Fundi mmoja wa Mji wa Kale, aliyezoea kutengeneza udi za waimbaji wa taarab, alinichongea vifupa viwili vya mfupa wa ng'ombe, vile vinavyokaa darajani kubeba nyuzi: kimoja kifupi cha Mombasa, kingine kirefu cha Nairobi. Nikihama nabadilisha kifupa, na ndivyo nilivyofanya mpaka nikastaafu. Na kamwe sikuliacha ndani ya gari lililopaki juani. Gundi ya wanyama inayoshika magitaa ya aina ile hulainika kwa joto, na daraja likaondoka bila kukuaga.

Wewe utachagua katika dunia nyingine. Rozwudi ya Brazili, ambayo Martin waliacha kuitumia kwenye D-28 mwaka 1969 wakaenda kwenye ya India, tangu 1992 biashara yake imepigwa marufuku kimataifa. Mwaka 2017 jamii yote ya miti hiyo iliwekewa masharti ya vibali, mpingo wetu ukiwa ndani yake, kwa kuwa mpingo ni ndugu wa rozwudi, kisha mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zikalegezewa. Siku hizi mafundi wa nje wanaunda mgongo na mbavu za gitaa kwa mpingo wa Lindi na Kilwa, ule ule unaokwenda kwenye klarineti na obo, na wanauza kwa bei ya kutisha. Nimewahi kulishika moja la mgeni aliyepita Mombasa. Linalia safi ajabu, noti inakaa hewani muda mrefu, na linaelemea paja. Najivunia kwamba mti ule ni wetu, na ningependa kuona fundi wa Lindi akilitengeneza mwenyewe badala ya kuuza gogo. Lakini kwa vidole vyako, ambavyo nilivifundisha mimi gumba na shahada, nitakushauri uanzie kwenye mahogani na mwili mdogo, usikilize hapo kwanza kabla hujapanda ngazi.

Fedha zako zinatosha la kutumika lenye mbao nzima, na hilo ndilo ningelitafuta. Chukua rula ya chuma, tochi, kioo kidogo na karatasi za sigara. Kata kucha za mkono wa kushoto. Usiende Jumamosi, watu ni wengi na makelele ni mengi. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, wakati muuzaji hana haraka. Mwambie azime vipaza sauti. Na usiende peke yako: nipigie simu siku mbili kabla, nitakuja na basi la usiku, nikae mimi kwenye stuli nikupigie, nawe usimame karibu na mlango na kuupa ukuta uso.